Hapa Hatuuzi Samaki

Mteja wa kwanza alikuja kabla rangi haijakauka. Alikuwa mama mmoja mwenye kikapu, mtoto mgongoni, na alisimama mbele ya nyumba yetu ya mbao hapa Majengo akiangalia ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, burashi bado mkononi, rangi ya buluu imenipanda hadi kwenye kiwiko. Nilidhani anapendezwa. Nikajiweka sawa nipokee sifa zangu.

"Mama, tilapia ni ngapi?" akauliza.

"Hakuna tilapia."

Akanyoosha kidole ukutani, pale alipokuwa tilapia, mkubwa kuliko mlango.

"Na ile?"

"Ile ni picha."

"Naona ni picha, mama. Miye nauliza samaki yenyewe."

"Samaki yenyewe iko Vitshumbi."

"Ah." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Basi itafika lini?"

Kwa msomaji asiyeujua mji wetu, ni lazima niseme kwamba mama yule hakuwa mjinga. Mjinga nilikuwa mimi. Goma hakuna anayechora ukutani hivi hivi. Ukiona kichwa cha mwanaume aliyenyolewa vizuri, kichwa kisicho na mwili, hapo ni saloni. Jino kubwa jeupe lenye mizizi miwili, hapo wanang'oa meno. Chupa na glasi yenye povu, hapo ni nganda, utakunywa. Kuku, kiatu, sindano, betri ya gari: kila picha ina mlango wake, na nyuma ya mlango kuna mtu anakungoja. Hata asiyejua kusoma hapotei. Ukuta ukisema kitu, unauza kitu. Sasa mimi, mwanamke ambaye mtaa wote unamjua kwa biashara ya samaki, nachora samaki mkubwa kuliko mlango, halafu nashangaa watu wakija na vikapu.

Biashara ile niliifanya zaidi ya miaka ishirini. Nilimaliza sekondari, chuo kikuu kikawa cha wengine, na baba yangu, mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Butembo na mke wake na magunia yake, akanipandisha juu ya kamio, lori la mizigo, akaniambia nikajifunze njia. Nilijifunza. Goma, Rutshuru, Vitshumbi. Vitshumbi, Butembo. Nikienda mbali, Bunia, na mara moja Kisangani, kwa sababu tu nilikuwa sijaiona. Nilinunua samaki wa chumvi na wa moshi pale Vitshumbi, kando ya ziwa Edward, nikawapakia kwenye magunia, nikalala juu ya magunia, nikafika, nikawauza. Watu walidhani napenda faida. Nilichopenda ni ile saa ambayo kamio inaanza kutetemeka na mji unaanza kurudi nyuma. Nikikaa Goma mwezi mzima nilianza kugombana na vyungu. Nilikuwa na mume pia, kwa muda. Alichoka kuoa mgongo wa mtu anayeondoka, na simlaumu. Binti yetu ameolewa Bunia, na ana miguu kama yangu.

Habari ya barabara zetu na watu wenye bunduki kila mtu anaijua, sitairudia. Itoshe kusema kwamba siku moja nilishuka kwenye kamio na sikupanda tena. Nilirudi kwenye parseli, kiwanja cha familia, kwa mama yangu, kwenye chumba nilichokiacha nikiwa msichana, sasa nina miaka arobaini na kitu, na nikakaa. Nilikaa vibaya. Nilizunguka nyumba. Nilishuka hadi ziwani kuangalia maji ya Kivu, maji mazuri, lakini si yale niliyoyataka. Nikifumba macho nilitafuta Vitshumbi, na hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu sikuipata. Miaka yote ile, na kilichobaki kichwani ni kilo. Nilikumbuka gunia lipi lilichanika na wapi. Samaki nilimfungua shavu kuona kama ni wa leo, nikampima, nikamfunika. Wari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, walikuwa wakisimama katikati yetu pale mitumbwi inapofika, kama wanunuzi wenzetu, na mimi niliwafukuza kwa kandambili ili wapishe. Kiboko alipita kati ya nyumba jioni, taratibu kama mkubwa wa mtaa anayekagua usafi, na mimi nilikuwa na wasiwasi wa magunia.

Basi nikajiambia nitaangalia sasa. Kama njia imefungwa, nitaangalia kutoka hapa.

Rangi niliipata Birere, kwa fundi mmoja anayechora vibao vya maduka. Ana chumba kidogo kilichojaa makopo ya mabaki: buluu iliyobaki kwa farmasi, nyekundu ya nganda, kijani ya shule ya watawa. Nilimwomba hayo mabaki. Akaniuliza ni butiki gani ninafungua.

"Hakuna butiki. Nataka kuchora samaki kwetu."

"Samaki ya kuuzisha?"

"Samaki ya kuangalia."

Alinitazama kidogo, kisha akanichagulia burashi mbili zilizozeeka.

"Mama, usisahau kuandika chini," akasema. "Bila maandishi batu hawatajua."

"Hawatajua nini?"

"Hiyo njo miye nauliza!"

Samaki wangu wa kwanza alikuwa mbaya. Mbao za nyumba zetu zimepandana kama magamba, burashi inaruka kila inapofika ukingoni, na vumbi la mawe meusi ya volkano linaingia kwenye rangi mbichi. Mama yangu, ambaye ana macho mazuri kuliko mimi, alitoka na kigoda chake, akakaa, akaangalia kwa muda mrefu.

"Hiki kiatu ni cha nani?"

"Mama, ni samaki."

"Ah. Na kamba zake ni hizi?"

"Hayo ni mapezi."

"Sawa," akasema. "Kiatu kizuri."

Nilimfuta kwa petroli nikaanza upya, nikamfuta tena. Siku nilipoupata mgongo wa tilapia, ule mpindo unaoanza juu ya jicho na kushuka hadi mkiani bila kukatika, nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyefunga bao. Nilikuwa nimeishika maelfu ya migongo ile kwa mikono hii. Mikono ilikuwa inajua, ila hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Kuanzia hapo asubuhi zangu zikabadilika. Nilitengeneza kahawa ya Butembo, nyeusi, tangawizi ndani, nikainywa nimekaa. Msomaji anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Miaka ya barabarani kahawa nilikunywa nimesimama, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kamba ya mzigo. Kitenge changu kizuri, kile cha harusi na misa kubwa, nilikivaa siku ya kazi, nikakichafua na kijani, sikujuta. Jioni nilinunua sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa Kivu, nikala wakiwa moto, kwenye karatasi, pilipili ikinitoa machozi, nikiangalia ukuta wangu. Mama mmoja wa kanisani alipita akaniuliza kama nimepata barua ya uchumba. Nilimwambia nimepata buluu.

Wateja waliendelea. Waligonga asubuhi, waligonga mchana. Mmoja alitaka kuagiza kambare wa msiba. Mwingine alikuja kugomba kabisa: jirani yake amekula samaki wazuri, bila shaka wametoka kwangu, mbona yeye namficha? Watu wa moto, zile pikipiki za kukodi, walianza kuwaambia abiria, "Nikuache kwa mama samaki?" Hapo nikakumbuka shauri la fundi wa Birere. Nikachukua nyekundu ya nganda na kuandika chini ya tilapia, kwa herufi kubwa: HAPA HATUUZI SAMAKI.

Lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Waliojua kusoma walisimama, wakasoma, wakaingia kuuliza tunauza nini.

Jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani mkaa, mbele ya parseli yetu, alicheka hadi akakaa chini juu ya gunia.

"Mukubwa, umeandika kitu hauuzishe. Sasa andika kitu unauzisha!"

"Siuzishi kitu."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Hata krediti ya telefone?"

"Hapana!"

Akapangusa machozi, mkono ukamwachia mstari mweusi shavuni. Kisha akashusha sauti.

"Weye mama, Mungu anakuletea batu mupaka kwa mulango, unabafukuza. Wengine tunafunga na kuomba tupate hata nusu yao. Niachie kamahali hapo chini ya samaki yako. Weye utachora, miye nitaweka beseni ya sambaza. Tutagawa."

Nilikataa, akaninunia. Sikukataa kwa sababu naona biashara ni aibu. Biashara imenilisha, imenisomeshea binti, na mama yule wa makala namheshimu kuliko wengi wenye ofisi. Lakini katika maisha yangu yote hakukuwa na kitu kimoja nilichokishika bila kuuliza bei yake. Nilitaka kimoja. Kimoja tu, na kiwe kikubwa, na kiwe mbele ya nyumba ambapo kila mtu anakiona na hakuna anayeweza kukinunua.

Habari ilifika Munigi wiki hiyo hiyo. Kule ndiko anakokaa kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya. Ana duka la vifaa vya ujenzi, misumari, manjanja ya kuezekea, rangi, na tangu baba afariki ni yeye anayesimama mahali pa baba. Parseli iko kwa jina lake. Alikuja kwa moto siku ya Jumanne, kopo kubwa la rangi nyeupe limefungwa nyuma kwa mpira. Hakushuka mara moja. Alikaa pale juu akiangalia ukuta: tilapia, kambare wawili, kiboko ambaye alikuwa bado hana miguu, na maandishi mekundu.

"Dada," akasema, "hii ni nini?"

"Ni Vitshumbi, yaya."

"Siku ya posho bakwe banakuja hapa."

Nilijua kuhusu hiyo Jumamosi. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia moja kutoka milima ya Masisi, watu wa ng'ombe na mashamba, wakristo wa kusali kweli, wasiocheka ovyo. Walikuwa wanakuja kujitambulisha. Kwetu wageni wa namna hiyo hupokelewa mahali bibi alipo, na bibi ni mama yangu, na mama yangu hatoki Majengo.

"Batafika hapa," yaya akaendelea, "bataona samaki, bataona nyekundu. Batasema binti ametoka kwa nganda."

"Imeandikwa hatuuzi."

"Njo mubaya zaidi! Nyumba gani inaandika kitu haiuzishe? Batauliza tunaficha nini." Akashuka, akaja karibu, akagusa jicho la tilapia kwa kidole kama anataka kuona kama linafunga. "Dada. Weye ni mutu muzima. Benzako bako katika chama cha bamama, banalea bajukuu. Weye uko unachora ukutani kama mutoto mudogo wa shule ya gardiene."

"Umesema nini?"

"Mutoto wa gardiene."

"Hapana, mbele ya hapo."

"Nimesema weye ni mutu muzima."

"Hiyo njo nataka. Hukusema mugonjwa. Hukusema maiti. Umesema muzima. Sasa yaya, mutu akiwa muzima anafanya nini? Anakaa anangoja?"

Ndani ya nyumba mama yangu alikohoa, kile kikohozi chake cha kuficha kicheko.

Yaya alifungua mpira, akashusha kopo, akaliweka mlangoni.

"Siku ya posho asubuhi nataka ukuta mweupe. Nikikuta samaki, utatafuta ukuta pengine. Na chumba pengine."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja bei ya mfuko wa simenti, na ndivyo nilivyojua ni kweli.

Jumatano kopo lilikaa mlangoni na mimi nilikaa mbele yake. Nilijipima. Ningeweza kwenda Bunia kwa binti yangu, nikawa yule bibi mgeni anayelala sebuleni. Ningeweza kupanga chumba mahali, nikarudi kuuza chochote ili nikilipie. Au ningeweza kuchukua burashi, nikafanya kazi ya asubuhi moja, na Jumapili tukawa familia yenye ukuta safi kama familia zote. Nilimwuliza mama yangu angefanya nini. Alikuwa anachambua maharage. Alisema yeye hana la kusema kuhusu rangi, lakini kiboko asiye na miguu anamsumbua kila akitoka chooni.

Alhamisi nililifungua kopo. Nililikoroga kwa kijiti. Nyeupe ilikuwa nzito, mpya kabisa, haijawahi kuwa ya farmasi wala ya nganda. Mimi nilikuwa sijawahi kushika rangi mpya. Nilianza na maandishi, kwa sababu hata mimi yalikuwa yamenichosha: ukuta wenye maneno ulibaki kibao tu, hata ukisema hapana. Nikayafunika moja baada ya jingine. Palibaki mahali peupe, parefu, pamevimba katikati pale nilipopiga burashi mara mbili. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kuangalia.

Ulikuwa mgongo. Mgongo wa ndege tayari, umekaa kwenye maji. Kilichokosekana ni shingo.

Sitasema mkono wangu ulijiendea wenyewe. Nilijua ninachofanya. Niliupandisha mkono, nikavuta shingo, nikauleta mdomo chini na ule mfuko wake, na mwari wa kwanza akasimama pale akiniangalia kwa upande, jinsi walivyokuwa wakiniangalia kabla sijavua kandambili.

Mama yangu alitoka na ungo wake.

"Huyu ndege ni peke yake?"

"Kwa sasa."

"Peke yake ataogopa."

Nikamwongezea mwenzake. Ijumaa nikaongeza wengine, wanaoruka, waliolala, mmoja anayemeza kitu kikubwa kuliko koo lake. Kiboko nilimpa miguu, na maji hadi magotini. Jioni kopo lilikuwa tupu na nilikuwa nalikwangua kwa kijiko.

"Mama," nikasema, "unajua yaya alitaka nini."

"Alitaka nyeupe." Akageuza kichwa huku na huku, akiangalia ukuta. "Hii si nyeupe?"

Jumamosi yaya alifika wa kwanza, amevaa koti, binti yake nyuma yake amesukwa vizuri. Aliona ukuta. Alifungua mdomo, lakini bakwe walikuwa tayari wanashuka kwenye gari pale kwenye kona, akaufunga, akafunga na kifungo cha koti. Nikabaki nimesimama karibu na mlango, nimevaa kile kitenge chenye doa la kijani. Sikuwa na kingine cha heshima, na hata kama ningekuwa nacho ningevaa kile.

Baba mkwe alikuwa mtu mrefu mwenye kofia na fimbo ya mchungaji. Mke wake alibeba jibini mbili za Masisi kwenye kitambaa, na vijana walibeba bidoni ya maziwa. Wote wakasimama mbele ya ukuta. Mama wa makala naye akasimama, upande wa pili wa njia, ili asikose kitu.

"Munauzisha samaki?" mke akauliza.

"Hapana, mama, hapana," yaya akasema haraka, "ni dada yangu mudogo tu, anapitisha wakati, karibuni ndani, karibuni..."

Mzee hakuingia. Alimwinulia yaya fimbo kidogo, si kwa ubaya, kama anavyomzuia ndama.

"Mama," akaniambia, "hii ni wapi?"

Watu wote waliokuwa wamepita pale walikuwa wameniuliza ni ngapi. Hakuna aliyekuwa ameuliza ni wapi.

"Ni Vitshumbi, papa. Pale mitumbwi inafika."

"Miye sijashuka kule. Na hawa ndege, banabeba nini kwa mudomo?"

"Samaki na maji."

"Kama bidoni."

"Kama bidoni, papa."

Akatikisa kichwa taratibu, akavua kofia, akaingia.

Mambo ya ndani yalikwenda kama yanavyokwenda. Walijitambulisha, tukajitambulisha, mama yangu akajifanya hasikii vizuri ili warudie sifa za mjukuu wake. Tulikula nyama, viazi, maharage, ugali. Wakati wa kunawa mikono, mzee alimgeukia yaya.

"Mukwe, kijana wangu anafungua nyumba ya maziwa na jibini, hapa hapa Majengo, karibu na soko. Ukuta ni mupya, hauna kitu. Nataka ng'ombe wetu wa pembe ndefu, na mulima nyuma yake. Na nataka mama huyu amuchore. Tutamulipa vizuri."

Uso wa yaya ulifunguka kama manjanja yakipigwa na jua.

"Atachora!" akasema. "Wiki hii hii! Dada yangu huyu, papa, ni artiste tangu utoto. Hata tulikuwa tunafikiri kumufungulia atelie, achore vibao vya mutaa wote. Rangi iko, miye niko nazo zote kule Munigi!"

Kabla ya chakula nilikuwa aibu ya familia. Sahani hazijatolewa, nimekuwa atelie.

Wote waliniangalia. Na mimi nilijua njia ile yote, kwa sababu nilishaipita juu ya magunia. Leo ng'ombe. Wiki ijayo jino lenye mizizi miwili. Kisha vichwa vilivyonyolewa, kimoja baada ya kingine, na siku moja nitajikuta nachora wari huku nafikiria kopo litafika au halitafika, na wari wataondoka tena mbele ya macho yangu, na safari hii hata kandambili sitahitaji.

"Asante, papa," nikasema. "Sitamchora."

Mtu mmoja aliweka kijiko chini. Yaya akacheka.

"Anatania."

"Sitanii, yaya."

"Haujui kuchora ng'ombe?" mzee akauliza.

"Nitajifunza siku nitataka kumuona. Lakini ya kuuzisha, hapana. Kuna fundi Birere, anachora ng'ombe mupaka unasikia harufu. Nitamuonyesha kijana wako njia."

Mzee alifikiri. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea soko la mifugo.

"Na kama silipi?"

Nikacheka, sikuweza kujizuia.

"Hata usipolipa, papa, itabaki kibao ya maziwa."

Mke wake alisema kitu kwa Kihunde, na wanawake wote wa upande ule wakacheka, na hadi leo hakuna aliyenitafsiria. Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake.

"Mwanamuke mugumu," akamwambia yaya. "Binti yako ametoka kwake?"

"Hapana, papa! Hapana, hata kidogo!"

"Anamufanana," mzee akasema, na hatukujua kama ni lawama. Binti alikuwa ameinamisha uso jinsi bibi arusi anavyopaswa, lakini mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na si kwa kulia. Wakapanga siku ya kurudi, wakaacha maziwa na jibini, wakaondoka. Pale nje mzee alisimama tena mbele ya wari, mgongo kwetu. Sijui aliona nini. Hakuaga mara ya pili.

Gari lilipokata kona, yaya alinigeukia.

"Umeniaibisha mara mbili kwa siku moja. Kwanza kwa kuchora. Halafu kwa kukataa kuchora!"

"Ndiyo, yaya."

"Nilikuambia nini siku ile? Nilisema utafute ukuta pengine."

"Ulisema."

"Basi?"

Mimi nilikuwa na jibu langu, nilikuwa nimelifunga tangu Alhamisi pamoja na nguo zangu. Lakini mama yangu alinitangulia. Alikuwa anakata jibini, kipande kinene, hakuinua macho.

"Akitoka, natoka naye," akasema. "Bakwe wakirudi utabapokea Munigi, juu ya mifuko ya simenti. Bibi utabaeleza amekwenda wapi."

Yaya alisimama pale na koti lake. Kisha akachukua lile kopo tupu, akaangalia ndani, akaligeuza chini juu kama anatafuta kilichobaki, na akaondoka nalo.

Hatujapatana vizuri. Siwezi kusema alilainika, wala mimi sikulainika. Kila wiki anakuja kumsalimia mama, kwa sababu ni mtoto mwema, lakini hapiti tena mbele. Anaacha moto kwa mama wa makala, anazunguka nyuma ya nyumba za majirani juu ya mawe ya volkano yanayokula soli, na kuingia kwa mlango wa jikoni, ili asiuone ukuta. Mama anasema tumwache. Nimemwacha.

Ukuta wa nyuma ni wa mbao zile zile. Ni mrefu kidogo hata, na unapata jua la asubuhi. Jumatatu hii nilianza huko. Ni tembo wa uwanda wa Rwindi, sehemu ya nyuma iko karibu na mlango wa jikoni, na mkonga wake, nikiupima vizuri, utafika hadi kwenye kona pale yaya anaposimama kukung'uta changarawe kwenye viatu.